Muhuri Juu ya Jina la Mwalimu

Siku ya kwanza kazini nilisomeshwa orodha ya bei za sabuni. Msimamizi wa chumba cha kupangia herufi, ambaye kwa cheo chake tulimwita Prote, alinisimamisha katikati ya wanaume kumi wenye vidole vyeusi, akanipa karatasi na kusema, "Soma yote." Nikasoma sabuni ya kipande, sabuni ya unga, sabuni ya kuogea. Akainua mkono kunizuia. "Na virgule? Umeimeza? Nimesema yote, mutoto." Wale wanaume wakacheka, nami nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba katika kiwanda cha uchapaji mtu hasomi maneno peke yake. Kazi yangu iliitwa kushika kopi. Kopi ni yale maandishi ya mwandishi mwenyewe, ya mkono au ya taipu. Epreve ni karatasi ya majaribio inayotoka baada ya herufi kupangwa. Mimi nilisoma kopi kwa sauti, pamoja na kila mkato, ambao ndio ile virgule, kila nukta, herufi kubwa na aya mpya, na msahihishaji, tuliyemwita korekta, alinifuata kwenye epreve kwa kalamu nyekundu. Ukisoma namna ile kutwa nzima, jioni unamwambia mama yako, "Nina njaa, nukta." Mama alidhani nimerogwa.

Nilipewa kazi ile kwa sababu ya bibi yangu. Alikuwa mtu wa Kasongo, Maniema, Mwislamu aliyesoma chuoni tangu mdogo, na nyumbani kwetu Kamalondo hakuvumilia tuseme "bantu" wala "muji". Nje tuliongea Kiswahili cha Lubumbashi kama kila mtu, Kifaransa kikiwa humo humo. Ndani tuliongea cha bibi. Kiwanda kilitaka mtu anayejua kwamba kwenye kitabu inaandikwa "watu". Huo ndio ujuzi wote niliokwenda nao, pamoja na sauti kubwa.

Nchi ilikuwa ikiitwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, na sote, kuanzia Mkurugenzi mpaka mfagiaji, tuliitana citoyen na citoyenne, yaani raia. Asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, tuliimba na kucheza sifa za chama pale uani, na mchezo huo uliitwa animation. Nilikuwa mchezaji hodari. Vijana wa siku hizi nikiwaambia hivyo wananitazama kama nimekiri wizi, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilipenda kucheza. Kama nilicheza kwa furaha au kwa woga, sijui. Nimejiuliza mara nyingi na jibu linabadilika kila mwaka.

Baada ya miaka michache nikapandishwa kuwa korekta wa Kiswahili. Nilipewa meza, kalamu nyekundu na chumba kidogo chenye mlango, kwa sababu kazi ile inataka utulivu. Nilipewa pia mihuri, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mambo yote yalitokana nayo. Epreve ya mwisho ikishasahihishwa, hupigwa muhuri wa maneno matatu ya Kifaransa, BON À TIRER, kisha hupelekwa kwa mwandishi aweke saini. Maana yake ni kwamba kazi iko sawa, ichapwe. Lakini neno tirer lina nyumba mbili. Katika kiwanda ni kupiga chapa. Katika kambi ya askari ni kupiga risasi. Kiswahili nacho hakikutusaidia, kwani herufi zetu zilikuwa za risasi, na vyote viwili ni kupiga. Wapanga herufi walifanya mzaha wa neno hilo kila wiki, na hakuna aliyeuona kuwa mbaya.

Ndipo akaja Mwalimu Chola. Alikuwa mtu wa Kasenga, kule kwenye mto Luapula, akifundisha Kifaransa katika shule ya sekondari hapa mjini. Mfupi, mpole, abacost yake moja, ile suti ya zama zile isiyovaliwa tai, imepauka mabegani. Alileta riwaya aliyoiandika kwa Kiswahili, kurasa kama mia moja, jina lake Mji Usio na Milango. Ilihusu mji usiokuwapo popote, ambao mtawala wake, aitwaye Mwangalizi, anaamuru milango yote ya nyumba ing'olewe, kwani mtu mwema hana cha kuficha. Watu wanazoea. Wanajifunza kula wakitazamwa, kulia wakitazamwa, kulala wakitazamwa. Kisha seremala mmoja anatengeneza mlango mmoja pamoja na fremu yake, anausimamisha nyikani karibu na kichuguu, bila nyumba wala ukuta. Watu wanakwenda kwa siri kuupita, mmoja mmoja. Wanafungua, wanaingia, wanafunga nyuma yao, wanasimama kidogo, basi. Mwishoni askari wa Mwangalizi wanauchoma moto.

Nilimsomea Prote sura ya kwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Akajikuna shingo, akasema, "Hiki kitabu iko muzuri. Bon. Itatuletea maneno."

Maneno yalikuwa mlango wa pili kutoka kwangu. Kila kiwanda kilikuwa na mtu wa chama, na wetu tulimwita Citoyen Délégué. Hakuna kilichochapwa bila muhuri wake, hata kadi ya harusi. Mkimwaza mtu mkali mwenye miwani myeusi mmekosea. Alikuwa mcheshi, alipenda samaki wa Kasenga, na aliposikia kwamba Mwalimu anatoka huko aliuliza bei ya samaki kabla ya kuuliza habari ya kitabu. Kisha akaketi nacho wiki mbili, akatuita mimi na Mwalimu ofisini kwake.

"Muji hii iko wapi?" akauliza.

"Haiko popote, Citoyen Délégué," Mwalimu akajibu. "Ni ya kuwaza tu."

"Kama haiko popote, juu ya nini mvula inanyesha mwezi wa kumi na moja? Sawa hapa kwetu?"

Mwalimu akafikiri. "Tunaweza kuweka mwezi wa saba."

"Weka wa saba. Na huyu Mwangalizi, iko nani?"

"Haiko muntu, Citoyen."

"Basi mutoshe. Kama haiko muntu, anafanya nini mule?"

Nilidhani Mwalimu atakataa. Hakukataa. Alitikisa kichwa kukubali, akachukua kurasa zake, nasi tukafanya tulivyoambiwa. Kila sentensi yenye Mwangalizi nikaikata kwa kalamu nyekundu, na za askari pia. Nilifanya kazi safi. Bado nina kiburi kidogo juu ya usafi wa kazi ile, na kiburi hicho kinanitia aibu; myapatanishe wenyewe, mimi nimeshindwa.

Lakini tulipoisoma epreve mpya kwa sauti, mimi na yule aliyekuwa akinishikia kopi wakati huo, kitu kilikuwa kimebadilika. Mtawala hakuwapo tena. Amri haikuwapo. Asubuhi moja watu waliamka, wakang'oa milango yao wenyewe, wakaiweka barabarani, na hakuna aliyesema kwa nini. Mwishoni, kwa kuwa askari walikuwa wamekatwa, tulilazimika kumwachia mtu kazi ya kuuchoma ule mlango wa nyikani, na aliyebaki karibu alikuwa seremala. Basi akauchoma yeye. Niliposoma hapo niliweka kalamu mezani. Niliogopa, na sikujua namwogopa nani, maana hakukuwa na mtu ndani ya kitabu wa kumwogopa.

Citoyen Délégué alifurahi. "Voilà," akasema, "sasa haina politike." Akapiga muhuri wa chama. Alipotoka, Prote alifunga mdomo kwa mkono ili asicheke. "Huyu mubwana," akaniambia, "ameandika kitabu ya nguvu kupita ya mwalimu, na hajue."

Mwalimu alipokuja kuisoma epreve ile, alikaa kwenye kiti changu asubuhi nzima. Alipomaliza akavua miwani.

"Citoyenne Zaina," akasema, "mimi niliandika kama kuko muntu anatulazimisha. Sasa hakuna. Na iko kweli zaidi."

"Tuirudishe ya zamani, Mwalimu?"

"Sijue. Ya zamani nilikuwa ninamwogopa ule Mwangalizi. Hii ninajiogopa miye."

Sasa nifike kwenye ile Alhamisi. Siku moja kabla yake, Jumatano, Citoyen Délégué alisimama mlangoni pangu. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ametoa agizo ubaki wazi kila tunaposoma kwa sauti, naye alilisema kwa upole, kwamba anapenda kusikia Kiswahili kizuri. Akaniuliza habari za mama yangu. Akauliza kama nimeshakula. Kisha akasema, kama mtu anayeuliza saa, "Na Mwalimu, anaikalaka wapi?" Nikamwambia. Katuba, nyuma ya soko, nyumba yenye mpapai mbele. Hata mpapai nilimtajia. Alishukuru akaenda zake, nami nikabaki nimeshika kalamu.

Huenda lilikuwa swali la bure tu. Alikuwa mtu wa kuuliza kila mtu anakaa wapi, aliwahi kunitembelea hata mimi siku ya msiba. Huenda alitaka kumwagiza samaki. Lakini usiku ule sikupata usingizi.

Alhamisi asubuhi nikatayarisha epreve ya mwisho. Muhuri wa BON À TIRER hupigwa chini ya ukurasa wa kwanza, pembe ya kulia, pale penye nafasi ya saini. Nilikuwa nimeupiga mamia ya mara, ningeweza kuupiga nimefumba macho. Siku ile niliupiga juu, katikati, sambamba na jina la mwandishi. Wino ulikuwa mwekundu na mwingi. Pembeni yake ulikuwa muhuri wa chama. Mtu aliyeutazama ukurasa ule aliona: muhuri wa chama, CHOLA, BON À TIRER. Niliona kosa. Ningeweza kutoa epreve nyingine ya ukurasa ule, ilikuwa kazi ya dakika kumi. Sikutoa. Niliuweka ndani ya bahasha, nikampa planton wetu, mzee aliyekuwa akipeleka barua kwa baiskeli, nikamwambia aipeleke nyumbani kwa Mwalimu badala ya shuleni. Kwa nini nyumbani? Sikumbuki. Shule ilikuwa karibu zaidi.

Planton alirudi akiwa na uso wa kushangaa. Alisema alimkuta mke wa Mwalimu peke yake, akafungua bahasha, akasoma, kisha akamwuliza, "Papa, nani amekutuma?" Planton akajibu, "Ni Citoyenne Zaina." Yule mama akamshukuru, akamfungia mlango.

Siku ya pili Mwalimu hakuonekana shuleni. Jumamosi watu wawili wenye gari lisilo na maandishi walikuja kiwandani, wakafunga mlango wa Citoyen Délégué, na walipoondoka akaniita. Ukurasa wangu ulikuwa mezani pake. Walikuwa wameuokota Katuba katika nyumba tupu; kama walikwenda kumkamata, au kumtafuta kwa kuwa ametoweka, sikuambiwa. Hakuwa akicheka tena, ila sauti yake ilikuwa ya upole kama zamani, na hilo lilinitisha zaidi.

"Citoyenne, cachet inapigwaka wapi?" akauliza, kidole chake juu ya muhuri.

"Chini, Citoyen Délégué."

"Na hii?"

"Mkono uliteleza."

"Uliteleza wenyewe?"

Nikautazama ule wino mwekundu. Hapo Prote akaingia bila kubisha hodi, akauchukua ukurasa, akautazama, akaanza kufoka. "Angalieni! Kila siku ninasema! Huyu binti anakosaka kila siku! Juzi ameweka kichwa ya kitabu miguu juu! Citoyen Délégué, miye nilishaomba mumutoshe mule, hakuna mwenye kunisikia!" Ilikuwa uongo mtupu. Sikuwahi kupindua kichwa cha kitabu maishani mwangu. Alinitukana robo saa nzima, mbele ya wapanga herufi waliokuwa wamesimama mlangoni, na kila tusi lilinichoma na kila tusi lilinipa pumzi. Mwishoni Citoyen Délégué akasema, "Bon. Mupeleke kwenye kukunja."

Hivyo nikahamishiwa chumba cha kukunja, ambako karatasi zilizochapwa hukunjwa, hupangwa na kushonwa kuwa vitabu. Nilikaa huko miaka saba bila kalamu nyekundu. Herufi za riwaya ya Mwalimu zilirudishwa kwenye visanduku vyake, moja moja, na kopi ilichukuliwa na wale watu wa gari. Nilimwuliza Prote mara moja tu kama aliamini kweli kuwa nilikosea. Akanitazama kama nimemwuliza siri ya ndoa yake. "Wee," akasema, "unaniuliza miye?"

Chama kimoja kilipokwisha nikarudishwa kwenye usahihishaji, na Mkurugenzi mpya akanifanya mkuu wa makorekta. Nilisahihisha vitabu vya shule, kalenda, programu za mazishi, na baadaye, herufi za risasi zilipouzwa, nikajifunza kusahihisha kwenye kompyuta. Walinistaafisha kwa soda, hotuba na saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika tano kila siku.

Mwaka huu vijana fulani wenye kikundi cha kusoma riwaya walinialika Karavia, kwenye bustani ya mkahawa. Wanasoma zile hadithi za nchi za kubuni ambamo serikali inaona kila kitu na mtu hana lake. Wakaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa zamani, riwaya kama hizo zinatufundisha nini kuhusu uhuru wa mtu mmoja mmoja. Walikuwa na daftari tayari. Niliwasimulia habari ya Mwalimu Chola na ule ukurasa, kisha nikawaambia kwamba kwenye riwaya zao mtu huwa anajua lini alitii na lini alikataa. Kuna siku, kuna ukurasa. Mimi nilikuwapo siku yenyewe, na muhuri nilikuwa nimeushika kwa mkono huu, na sijui. Binti mmoja akaandika. Mwingine akauliza, kwa adabu, kama kwa ufupi ningesema uhuru ni haki. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ni haki, maana soda ilikuwa yao.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wiki tatu baadaye alikuja nyumbani kwangu mama mmoja mzee, mwembamba, aliyefunga kitambaa kwa namna ya watu wa Zambia. Mmoja wa vijana wale alikuwa mjukuu wa dada yake. Alisema anaitwa Mama Bwalya, mjane wa Mwalimu Chola. Nilishindwa kumkaribisha vizuri, nilisimama tu mpaka akajikalisha mwenyewe.

Alinisimulia. Alikuwa amesoma Kifaransa kidogo, na tirer alilijua kutoka kambi ya askari, alikozaliwa. Aliuona ukurasa, akafunga nguo ndani ya kitenge, akamfuata mumewe shuleni akamtoa darasani. Mwalimu alicheka. Alimweleza kwamba ni neno la kiwanda tu, kwamba kila kitabu kinapigwa hivyo. "Nikamwuliza," alisema Mama Bwalya, "'Uko hakika?' Muntu anafundisha Kifaransa miaka kumi na mbili! Akafungua kinywa. Akafunga. Halafu akasema, 'Twende.'" Jioni walikuwa juu ya lori la Kasenga, na baada ya siku mbili walikuwa ng'ambo ya Luapula, Zambia.

Mwalimu alikufa kitandani pake, mzee, wajukuu wakimzunguka. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Lakini Mama Bwalya aliinua mkono, akaniita dada kwa namna ya kwetu.

"Ngoja, yaya. Kule alichunga duka ya muntu. Hakuandika tena. Na kila mara tukigombana alinirudishia ile ile: 'Wewe ulinifanya mukimbizi juu ya kosa ya cachet. Bantu hawakukuwa wananitafuta. Ningekuwa na kitabu, ningekuwa na shule.' Mimi ninamwambia, ule binti alituonya. Yeye: 'Alikosea.' Mimi: 'Alituonya.' Miaka yote ile. Amekufa anasema ni kosa." Alinikazia macho. "Nimekuya unipe kweli. Watoto wangu nabo banaamini baba yabo. Ulifanya makusudi, ao hapana?"

Niliona mambo yote pamoja. Nikisema ni kosa, nimemwambia huyu mama kwamba alimng'oa mumewe kutoka maisha yake kwa sababu ya wino uliomwagika, na kwamba mtu mwema alichunga duka la mwingine bure. Nikisema ni makusudi, nimejivika ushujaa ambao sina hakika ni wangu. Na itanibidi niseme pia kwamba mimi ndiye niliyetaja mpapai. Nikautaja mpapai. Nilimwambia kila kitu, swali la Jumatano, mkono wa Alhamisi, zile dakika kumi ambazo sikuzitumia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Sasa jibu."

"Wewe ndiye uliyekuwa na haki, mama," nikamwambia. "Nilifanya makusudi."

Alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, akacheka, kisha akalia, na mimi nikalia. Alipojifuta machozi akatoa karatasi kwenye mkoba wake na kalamu.

"Iandike," akasema. "Watoto hawataniamini miye. Weka na saini."

Nimefanya kazi ya kusahihisha zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kutia saini jambo lolote bila kulisoma mara mbili. Niliandika kwamba nilifanya makusudi, kwamba nilijua, kwamba nilitaka wakimbie. Nikaweka jina langu lote. Kisha nikaikunja haraka kabla macho yangu hayajarudi juu, nikampa.